Jinsi ya kuitambua dughulushi porini na kuitofautisha na ndugu zake

Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, ukishapita Zigi barabara inaanza kujikunja na hewa inabadilika kabla hujafika juu. Wageni wengi wanaofika huko wana swali moja: yale maua ya zambarau yanayopandwa kwenye vyungu dunia nzima, ya porini yako wapi? Mara nyingi wameshayapita. Ndiyo dughulushi, ambayo wengi wanaijua kama vayoleti ya Afrika (African violet). Ya msituni haifanani sana na ile ya chunguni. Ni ndogo, imejibana kwenye mwamba, siku uliyokwenda huenda haina ua hata moja, na jirani zake wana majani yanayoweza kukudanganya mchana kweupe.

Kwanza majina, maana yatakusumbua. Watu wa Usambara wamekuwa wakiupita mmea huu njiani tangu enzi za mababu, lakini vitabu vinaanza kuhesabu mwaka 1892, pale Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alipoukuta na kumpelekea baba yake Ujerumani. Baba akamfikishia Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaupa jina Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa familia hiyo. La pili linasema ua lake ni kama la vayoleti. Baadaye spishi zikaongezeka hadi kufika karibu 20. Mwaka 2006 zikapunguzwa hadi sita, nyingi zikaingizwa chini ya ionantha kama nususpishi, yaani vikundi ndani ya spishi moja. Mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa vinasaba, jenasi nzima, yaani kundi lote la spishi hizi, ikahamishiwa ndani ya Streptocarpus, jenasi ya ndugu zake. Kwa hiyo ukikuta Streptocarpus ionanthus kwenye kitabu kipya, ni mmea ule ule. Hapa natumia majina ya zamani kwa sababu ndiyo yaliyo kwenye vibandiko vingi vya mimea iliyokaushwa, na ndiyo waongoza wageni wengi walijifunza.

Hatua ya 1: Andika uko mlima gani

Fanya hivi kabla hujatazama jani lolote. Dughulushi hazisafiri. Kila kundi limekaa kwenye mlima wake, wakati mwingine kwenye bonde moja tu, na ukijua mahali ulipo umeshaondoa nusu ya majina kwenye orodha.

Nyingi ziko kwenye Milima ya Tao la Mashariki. Vilima vya Taita nchini Kenya vina S. teitensis (S. ni kifupi cha Saintpaulia), ya msitu wa Mbololo. Usambara Mashariki, upande wa Amani, ni makao ya ionantha za aina kadhaa, hasa nususpishi grotei. Mlima Mtai, huko huko Usambara Mashariki, una pendula. Usambara Magharibi kuna velutina na orbicularis, na ukipanda hadi Shume utamkuta S. shumensis. Milima ya Nguru ina nitida. Uluguru, juu ya Morogoro, ina S. goetzeana, S. inconspicua na S. pusilla. Halafu kuna zile za chini zinazoshangaza watu: ionantha yenyewe hukaa kwenye mawe ya chokaa karibu na Tanga, mwendo mfupi kutoka baharini, na nususpishi rupicola iko kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi. Anayedhani dughulushi ni mmea wa baridi ya mlimani tu, hizo mbili zinamsuta.

Andika pia mwinuko kwa mita. Simu nyingi sasa zinaonyesha, ingawa chini ya miti mirefu zinakosea. Pata namba ukiwa mahali pa wazi, kisha shuka.

Hatua ya 2: Tafuta mwamba

Usiangalie ardhini. Dughulushi huota kwenye nyufa za miamba na kwenye ngazi ndogo za mawe yaliyofunikwa na kigoga, ile zulia ya kijani ya majani madogo inayoshika mahali penye unyevu. Inapenda kivuli kinachopenywa na mwanga kidogo, mara nyingi karibu na kijito, lakini si pale maji yanapopiga moja kwa moja. Upande wa jiwe unaotazama mbali na jua la mchana ndio wa kuanzia.

Ukiona mwamba mkubwa uliosimama kama ukuta, na chini yake kuna majani yaliyojipanga duara kama sahani ndogo za kijani, sogea taratibu. Angalia unapoweka mguu. Vichipukizi vyake huanza vikiwa vidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na watu huvikanyaga huku wamemkazia macho mama yake juu ya jiwe.

Hatua ya 3: Kama kuna ua, litazame kwa mbele na kwa pembeni

Ua lina sehemu tano zilizoshikana chini. Mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa zaidi. Katikati kuna vifuko viwili vya chavua, vya njano kali, vimechomoza nje na vimegusana vichwa. Staili, ule uzi mwembamba unaopokea chavua, haiko katikati: imeegemea kushoto au kulia. Ua moja litaegemea huku, jirani yake kwenye mmea huo huo kule, kama mtu na picha yake kwenye kioo. Ukishaliona hili hutalisahau, na unaweza kulionyesha kwa mtoto wa miaka saba akalielewa papo hapo.

Sasa tazama kwa pembeni. Nyuma ya ua, mrija wa petali ni mfupi mno, karibu haupo, na ua linaonekana bapa. Hapo umewaacha ndugu zake wengi wa Streptocarpus, ambao ua lao ni kama tarumbeta yenye mrija mrefu, na kwa wengi vifuko vya chavua vimejificha humo ndani.

Rangi iache mwisho. Porini dughulushi zinaanzia urujuani mzito hadi samawati iliyofifia na karibu nyeupe, na kundi moja kwenye mwamba mmoja linaweza kuwa na vivuli vitatu. Rangi husaidia tu inapokuwa na mpangilio: inconspicua ni nyeupe yenye doa la buluu katikati, shumensis imefifia lakini ina jicho la zambarau, orbicularis ina maua madogo hafifu yenye kitovu cheusi kidogo. Nje ya hapo, mtu akikuambia "nimeitambua kwa rangi", muulize tena.

Hatua ya 4: Kama hakuna ua, tafuta tunda

Hatua hii watu huiruka, na huwa najiuliza kwa nini. Ua hukaa siku chache. Tunda huchukua miezi kukomaa, na hata likishakauka na kumwaga mbegu zake zilizo kama vumbi, ganda hubaki kwenye kikonyo.

Jina Streptocarpus maana yake kwa Kigiriki ni tunda lililosokotwa, na kweli, matunda ya ndugu hao yamejizungusha kama kamba au kama skrubu. Tunda la dughulushi limenyooka. Katika baadhi ni fupi na nene, katika nyingine refu na jembamba, lakini halijasokotwa. Kwa hiyo tuna mmea ambao wataalamu wameupeleka kwenye jenasi ya matunda yaliyosokotwa na wenyewe haujasokota chochote. Kichekesho hicho cha wataalamu kinakufaa ukiwa msituni: ukikuta tunda lenye mzunguko, huyo ni ndugu, si yeye.

Pima urefu wa tunda na uandike. Wanaotenganisha nususpishi za ionantha wanalihitaji.

Hatua ya 5: Jani, na hasa manyoya yake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo utatumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote kwa pamoja. Brian Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh, aliyeandika uchambuzi mkubwa wa kundi hili mwaka 1958, alitegemea sana manyoya ya upande wa juu wa jani. Mimi sijaona njia bora zaidi kwa mtu aliyesimama msituni bila maabara.

Utahitaji lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi. Chagua jani lililokomaa lakini si la zamani. Majani ya chini kabisa yamezeeka na manyoya yake yamelika. Usilichume. Liinue kwa kidole upande wa chini, liweke kati ya jicho lako na mwanga, kisha tazama ukingo wake badala ya uso wake. Ukingoni manyoya yanajitokeza kama miti kwenye kilele cha mlima, na utayaona yamekaaje.

Kuna namna tatu za kuangalia. Ya kwanza ni manyoya marefu yaliyosimama, yanayoonekana hata bila lenzi. Ya pili ni mafupi yaliyosimama, laini kama malaika ya mkononi, ambayo huyaoni ila unayahisi kama mahameli. Ya tatu ni yaliyolala, yamebanana na jani kuelekea nchani, na jani la namna hiyo hung'aa na kuteleza. Jani moja linaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja: marefu machache yaliyosimama juu ya msitu wa mafupi. Shumensis iko hivyo. Teitensis ina majani makubwa, magumu kidogo, yenye manyoya yaliyolala, na kwa mbali utadhani hayana manyoya kabisa. Nitida nayo inang'aa, kijani cha giza. Velutina, kama jina lake linavyosema, ni mahameli, na ukiligeuza jani chini ni jekundu.

Nilipoanza niliandika "manyoya yamelala" kwa mmea ambao manyoya yake yalikuwa yamesimama wima. Sababu ilikuwa ukungu wa asubuhi. Jani lilikuwa limelowa, na maji yalikuwa yameyalaza yote. Nilirudi saa nane mchana kwenye mwamba ule ule nikakuta jani jingine kabisa. Tangu siku hiyo natembea na kipande cha karatasi ya choo mfukoni: nalikausha jani kwa kulibonyeza, silisugui, nasubiri dakika kadhaa, ndipo natazama.

Ukimaliza manyoya, angalia shina. Je, majani yote yametoka sehemu moja, duara, au kuna shina linalotambaa na kuacha nafasi kati ya jani na jani? Grotei hutambaa, shina lake hurefuka juu ya mwamba na vikonyo vyake ni virefu. Pendula huning'inia. Goetzeana nayo ni ya kutambaa, lakini ni ya Uluguru na Nguru, na sehemu mbili za juu za ua lake zina rangi iliyokolea kuliko za chini. Ukiwa Amani huna haja ya kuifikiria. Orbicularis ina jani la mviringo, karibu kama sarafu. Pusilla ni ndogo mno, ua lina rangi mbili, na mtu anaweza kuificha yote chini ya kiganja.

Ukubwa wa jani usiuamini sana. Mmea ule ule kwenye ufa wenye udongo kidogo utakuwa na majani mara mbili ya mwenzake aliye juu ya jiwe tupu. Wekundu wa chini ya jani pia hubadilika kwa mwanga, ndiyo maana kwa velutina tunautaja pamoja na mahameli na mlima wake, sio peke yake.

Hatua ya 6: Waondoe wanaofanana

Ndugu wa kweli kwanza. Streptocarpus zenye shina lililosimama, kama S. holstii na S. caulescens (hapa S. ni Streptocarpus), zina majani yaliyopangana mawili mawili kwenye shina na vifundo vilivyovimba. Ua ni la zambarau na linaweza kukupeleka mbali, lakini dughulushi haisimami hivyo. S. saxorum ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu nayo hupenda miamba na jani lake ni nene lenye manyoya kama zulia. Angalia majani yake: yamekaa kwa makundi ya matatu kuzunguka shina, na ua limebebwa na kikonyo kirefu chembamba, lenye mrija mweupe unaoonekana wazi kwa pembeni. Tena yenyewe huvumilia mahali pakavu zaidi, penye jua. Zipo pia Streptocarpus za milimani ambazo hubeba jani moja tu maisha yao yote, jani kubwa lililolala juu ya jiwe. Hizo ukiziona mara moja hazikusumbui tena.

Wasio ndugu ni rahisi. Viola abyssinica ni vayoleti halisi ya milima yetu, ina majani madogo mfano wa moyo na hutambaa kwenye nyasi pembezoni mwa msitu. Nyuma ya ua lake kuna kimkia, na petali zake hazijashikana. Dughulushi haina kimkia. Mimea ya Impatiens, iliyojaa kwenye vijito vyote vya Usambara, nayo ina kimkia, tena kirefu, na shina lake limejaa maji na hukatika ukiligusa. Begonia ina jani la upande, nusu moja kubwa kuliko nyingine. Jani la dughulushi pande zake ziko sawa.

Kuna kisa kingine ambacho hakiko kwenye vitabu vya mimea ya porini. Watu hupanda dughulushi za madukani kwenye baraza na bustani za nyumba za wageni, nyingine huishia pembeni ya njia. Ukikuta ua lenye petali nyingi zilizojikunja kama kitambaa, la waridi iliyokolea au lenye ukingo mweupe wa mapambo, na liko hatua kumi kutoka kwenye ukuta wa nyumba, usihangaike na lenzi. Hilo ni la chunguni.

Hatua ya 7: Piga picha, acha mmea

Picha moja nzuri ya ua haimsaidii mtu yeyote kukupa jina. Piga hizi: mwamba mzima kwa mbali, mmea wote kwa juu, jani upande wa juu, jani upande wa chini, ukingo wa jani dhidi ya mwanga, kikonyo, ua kwa mbele, ua kwa pembeni, na tunda. Weka sarafu ya shilingi mia kwenye angalau mbili ili ukubwa ujulikane. Zima mwako wa kamera kwenye picha za manyoya, unayafuta.

Usichume. Dughulushi nyingi za porini ziko hatarini kwa sababu misitu inakatwa, na kivuli kikiondoka mwamba unakauka na mmea unakwisha. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kama ilivyo kwenye hifadhi nyingine, hakuna kukusanya bila kibali, na utafiti wa kisayansi nchini Tanzania unahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Chukua mwongozaji wa eneo hilo. Anajua miamba, na anajua pia ni upi umeshatembelewa sana mwaka huu na unahitaji kupumzishwa. Ukiweka picha mtandaoni, ficha mahali halisi. Andika jina la msitu, inatosha.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Mwamba ulikuwa juu kidogo ya kijito, safari yangu ya mwisho Amani, mita 900 na kitu. Hakukuwa na ua. Majani kama dazani, si duara kamili: shina lilikuwa limetambaa kama urefu wa kiganja na kuacha nafasi kati ya majani, na vikonyo vilikuwa virefu kuliko majani yenyewe. Matunda matatu machanga, yamenyooka, hayana mzunguko. Basi ni dughulushi. Nikakausha jani moja, nikasubiri, nikaliinua dhidi ya mwanga: manyoya yamesimama, marefu kidogo na mafupi mengi. Chini ya jani kijani hafifu, si jekundu. Ukingo una meno.

Mlima unasema Usambara Mashariki. Shina linalotambaa na vikonyo virefu vinasema grotei. Lakini nususpishi za ionantha upande huu zinaingiliana, na bila ua wala tunda lililokomaa sikuwa na la kuzidisha hapo. Kwenye daftari niliandika: "Saintpaulia ionantha, huenda grotei, haina ua, matunda machanga 3, yamenyooka, rudi baada ya miezi mitatu kupima tunda."